Mkoba Usioguswa na Mkasi

Siku ya kuniaga, vijana wa kitengo chetu cha picha walinizawadia begi la kamera. Begi zuri, jeusi, lina vyumba vingi kuliko nyumba yangu, lina pa kuweka chupa ya maji na lina koti lake lenyewe la mvua. Nilishukuru kama inavyopasa. Tulipokuwa tunakunywa soda, binti mmoja ambaye hata mwaka hajamaliza kazini akaniuliza, "Mzee, hivi enzi zenu kamera mlikuwa mnabebea nini?" Wenzake wakacheka. Nilimjibu kwamba tulibebea chochote kilichokuwapo, nikaomba soda nyingine. Jibu lenyewe ni refu, na sherehe ilikuwa imeshaanza kupoa. Ndiyo maana naliandika hapa.

Sitaandika habari za vyeo, maana vilikuja kwa kuchelewa na vikabaki ofisini pamoja na funguo. Mshahara ndio sitaugusa kabisa. Nataka kuandika habari za mkoba mmoja mdogo niliouvaa katikati ya miaka ya tisini, kati ya Kibondo na Kasulu, jinsi nilivyoupata na jinsi ulivyoniondoka. Si habari ya kuchangamsha. Anayetaka kuchangamka akasome ukurasa wa michezo.

Kazi niliianzia Kasulu mjini, kwenye studio ya Bwana Seif, mtu wa Pangani aliyekuja bara kuuza vitenge akaishia kupiga watu picha. Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka. Ukutani palikuwa na pazia lililochorwa ndege ya abiria, ili mkulima wa Nyakitonto atoke kwenye picha akionekana yuko safarini Ulaya. Siku ya kwanza sikushika kamera. Nilipewa brashi laini na kitambaa, nikaambiwa nifute vumbi. Siku ya pili vilevile. Vumbi la Kasulu mnalijua, jekundu na laini, halina heshima kwa lenzi ya mtu. Nilipoanza kununa, Bwana Seif aliniambia, "Kijana, nusu ya kazi hii ni kutunza, na nusu nyingine ni kusubiri. Kubonyeza hata mbuzi anaweza."

Kusubiri kwake kulikuwa na maana. Akienda kupiga harusi vijijini, kamera aliitia kwenye kikapu cha vitumbua cha mkewe, akaifunika kwa kitambaa. Wezi hawakumsumbua. Waliomsumbua ni wateja wa vitumbua. "Mtu akiiona kamera kwa mbali," alikuwa akisema, "anavaa uso wa kamera. Uso huo si wake, ameuazima. Wewe mfikie kabla hajauvaa." Nilidhani ni maneno ya mzee anayependa mazungumzo. Alifariki kabla sijamwambia kwamba alikuwa amesema kweli, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kisha vita vya Burundi vikatumiminia watu. Walipitia Manyovu mpakani, walipitia porini, wakafika na mikeka vichwani na wengine bila kitu. Makambi yakaota upande wa Kibondo na upande wa Kasulu. Shirika moja likatafuta mpigapicha wa watoto waliopotezana na wazazi wao. Kazi ilikuwa rahisi kuieleza: mtoto anapigwa picha ya uso, picha inabandikwa kwenye mbao za kila kambi, mzazi anapita, anatazama, anasema huyu ni wangu. Niliajiriwa pamoja na Skolastika, mwanamke wa Kiha kutoka Makere, mkalimani na mhoji wa watoto. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, kwa hiyo mtoto alimwelewa hata kabla hajamaliza sentensi. Mimi alikuwa akiniita Baba Tumaini, kwa jina la mwanangu wa kwanza, nami nilimwita Dada Skola.

Shirika lilinikabidhi kamera mbili ndogo na sanduku la kuzibebea. Sanduku lilikuwa jeupe, gumu, lenye mkanda wa begani na kifuniko cha kubana. Aliyelinunua alifikiria mvua na kuanguka. Kingine hakukifikiria, wala mimi sikukifikiria, mpaka siku yetu ya kwanza katika kambi moja ya upande wa Kibondo. Watoto walikuwa wamekaa chini ya turubai, wametulia kabisa. Nikaliweka sanduku chini, nikashika kifuniko. Mmoja akapiga ukelele, "Urushinge!" Basi. Walitawanyika kila upande, mmoja akaenda kujificha nyuma ya choo, na asubuhi yote tuliimaliza kwa kuwakusanya.

"Wewe hujui umebeba nini?" Skola aliniuliza, amekasirika na kanga imemvuka. "Hilo sanduku na la watu wa chanjo ni lilelile. Urushinge ni sindano, Baba Tumaini. Wamechomwa juzi tu hawa."

Tuliwapiga picha hivyohivyo, wakilia. Picha zilipotoka, kila mtoto alikuwa mdomo wazi na macho yamefumbwa. Tukazibandika. Wazazi wakapita mbele ya ubao, wakatazama ile midomo, wakaenda zao. Mtoto anayelia anafanana na kila mtoto anayelia. Nilisimama pale nikaona kwamba inawezekana kabisa mama amepita mbele ya mwanawe asimjue, kwa sababu ya sanduku langu tu, na hakuna mtu atakayekuja kuligundua kosa hilo. Siku hiyo ndipo nilipoanza kutafuta mkoba.

Wa kwanza niliupata sokoni Kasulu, kwenye mitumba. Ulikuwa wa kaki, wa mkanda mrefu, na ukubwa wake ulinifaa hasa. Nilifurahi nao kwa safari moja. Watu waliokimbia askari hawaipendi kaki. Nilipopita nao, wanawake waliacha kuzungumza, na mvulana mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kupigwa picha alinyanyua mikono juu bila kuambiwa na mtu. Nilirudi kwenye gari nikauvua. Siku hiyo sikumpiga picha mtu yeyote.

Nikahamia mfuko wa nailoni. Hakuna anayeogopa mfuko wa nailoni. Tatizo lake ni mlio. Ukichakarika tu, watoto wanadhani ni biskuti, wanakuja mbio wakitabasamu, halafu nikitoa kamera wanalia upya kwa sababu nyingine. Kambi ya karibu na Makere wakanipa jina la Bwana Bisikuti, na jina hilo lilinifuata mpaka Kasulu mjini. Masika yakaja, maji yakaingia mfukoni, kamera moja ikaota ukungu ndani ya lenzi ikafa.

Wakati huo nilishajua ninachokitaka. Kitu kidogo, cha kuvaa mshazari kifuani ili mikono ibaki huru, kinachokaa ubavuni, kinachofunguka kwa mkono mmoja nikiwa nimechuchumaa, na zaidi ya yote kisichofanana na mali ya mtu mwenye amri. Nilitafuta Kasulu, nikatafuta Kibondo, nikamwagiza dereva aniangalizie Kigoma mjini. Ilikuwapo mikoba ya akina mama. Skola alisema nikivaa mmojawapo ataomba uhamisho.

Aliyenipatia mkoba ni mwanamke aliyeitwa Generosa. Aliishi kwenye kambi ileile ya upande wa Kibondo tuliyoanzia kazi, na riziki yake ilikuwa kushona nguo za watu kwa mkono, mbele ya kibanda chake. Kila tulipobandika picha mpya alikuwa wa kwanza kufika ubaoni. Alitazama moja baada ya moja, akirudi nyuma akiona kama ameiruka moja, kisha akarudi kwenye sindano yake. Kiswahili chake alikiokota kwa wafanyabiashara wa Kikongo, Kifaransa kikiwamo humohumo.

Siku moja, badala ya kurudi kwake, alikuja kunisimamia.

"Weye baba wa foto," alisema, "iyo apareyi unaibeba kama viazi."

"Nitafanyaje, mama? Mkoba wa kufaa sijaupata."

"Sakoshi mimi nitakushonea. Kitambaa iko. Lakini makasi, hapana."

Nikaelewa kwamba hana mkasi. Nani hapo kambini alikuwa na mkasi wa maana? Safari iliyofuata nikamletea mpya kutoka Kasulu, umefungwa kwenye karatasi, nikijiona mtu muungwana. Aliufungua, akautazama makali yake, akaufunga tena kwenye karatasi yake na kunirudishia.

"Mersi, baba. Mupelekee mama watoto."

Nilimuuliza Skola nimekosa nini. Naye hakujua. Mkasi ule mke wangu aliutumia miaka mingi, na kila alipoukamata nilikumbuka jinsi ulivyorudishwa.

Mkoba nilikabidhiwa baadaye kidogo, siku ya mawingu, palepale ubaoni. Ulikuwa wa pamba nzito ya rangi ya udongo, iliyofuliwa mpaka ikalainika. Kitambaa kilikunjwa na kukunjwa tena, mikunjo yote ikabaki ndani, na hiyo mikunjo ndiyo iliyokuwa godoro la kamera. Mkanda wake ulisokotwa kutokana na kitambaa hichohicho, haukuungwa. Kila kitu kilishikwa kwa uzi mmoja mwekundu wa mishono mirefu mirefu, ya mtu asiyetaka ikae milele. Nikautia kamera, nikauvaa, ukalala ubavuni kana kwamba nimezaliwa nao. Kasoro niliyoiona ilikuwa kwenye kifuniko. Pembe moja ya kitambaa ilining'inia nje, imechakaa, ngumu, imetafunwatafunwa. Mimi ni mtu wa usafi, Bwana Seif alinifundisha. Nikataka kuichomekea ndani.

"Iyo iache," Generosa alisema.

Skola alikuwa ameshika mkanda akiupapasa. Akauachia ghafla.

"Baba Tumaini, hiki si kitambaa," akanambia kwa sauti ya chini. "Hii ni ingovyi."

Kwa msiojua, ingovyi ni ile nguo mama anayomfungia mtoto mgongoni. Skola alinieleza kwamba kwa watu wao, wa huku na wa ng'ambo, nguo hiyo haiuzwi wala haigawiwi. Mtoto akikua inatunzwa, imsubiri anayefuata. Mama akiiona imekatwa, huo ni msiba. Nikaukumbuka mkasi wangu kwenye karatasi, nikatamani ardhi inimeze.

Generosa alitusimulia akiwa amesimama, kwa Kirundi, na Skola akanitafsiria huku akitazama pembeni. Alikuwa na binti mmoja, Irakoze. Siku waliyokimbia, mtoto alikuwa ameshajua kutembea, ila bado wa kubebwa kwa safari ndefu. Generosa alimtoa mgongoni kwa mikono yake mwenyewe. Baba yake akambeba mabegani, na yeye akafunga maharage kwenye ingovyi, maana walipokuwa wanakwenda wangekula nini? Njiani risasi zikalia, watu wakatawanyika. Tangu hapo hakumwona mume wala mtoto.

"Nimefika Tanzania na maharage," akamalizia kwa Kiswahili, ili nami nisikie kwa mdomo wake.

 

"Foto yake sina," akaendelea. "Na sura yangu hataijua tena, alikuwa mudogo. Lakini iyi pembe ataijua. Alikuwa halali bila kuinyonya. Mimi siruhusiwi kutoka kambi hii. Weye unapita kambi zote. Ivae tu, baba. Siku ukimupata, unirudishie nzima."

Basi nikaivaa. Na kama kifaa cha kazi, sijapata kuwa na kingine kilichonifaa namna ile, pamoja na hilo begi lenu la vyumba. Mtoto aliyekuwa ameanza kulia alinyamaza akiiona. Wadogo waliishika, wakubwa kidogo walijifanya hawaioni huku wanaikaribia. Nilijifunza kuchuchumaa kwanza, nikauacha mkoba mbele ya mtoto, nikazungumza na Skola habari zisizo na maana, bei ya ndizi, ubovu wa barabara. Uso wa kamera haukupata nafasi ya kuvaliwa. Picha zikaanza kuwa picha, na wazazi wakaanza kusimama mbele ya ubao kwa muda mrefu zaidi. Wachache walipata watoto wao. Wengi hawakupata, na hao ndio ninaowaota.

Lakini kazi yangu sasa ilikuwa mbili. Kila mtoto wa kike wa umri ule aliponikaribia, Skola alitazama mikono yake, mimi nikatazama mdomo. Waliishika pembe, wakaikunja, wakaivuta, wakaiachia. Kambi moja ya upande wa Kasulu kitoto kimoja kiliitia mdomoni moja kwa moja, Skola akanibana mkono mpaka nikaumia. Kisha kikautia mkanda mdomoni, kikatia kamba ya kiatu changu, kikamalizia na kalamu ya Skola. Alikuwa mvulana, tena mwenye mama yake. Tulicheka sana tukiwa kwenye gari, kisha Skola akaifuta ile pembe mate kwa kanga yake.

Kilichokuwa kigumu ni kurudi Kibondo. Generosa hakuuliza kamwe. Alikuja mlangoni mwa kambi, akanisalimia, akanyanyua ile pembe kwa vidole viwili na kuiangalia kama ina dalili yoyote, kisha akaishusha taratibu. Alikuwa anakonda. Mvua zilikuja, kiangazi kikaja, mvua zikarudi. Ilifika mahali nikawa namwomba dereva tupitie kwanza kambi nyingine, nipate angalau siku ya kupumua. Sikuwa na cha kumpa, na mwanamke huyo aliniandalia kiti kila nilipofika.

Tulimpata kambi ya karibu na Makere, mchana, siku ya kazi ya kawaida kabisa. Mtoto aliletwa na bikizee mmoja aitwaye Marita, aliyemwokota Manyovu kando ya barabara, pale wanapokaa wabadilishaji fedha, akiwa amekaa peke yake watu wakimruka. Bibi Marita alikuwa amepoteza watu wake wote njiani. Alimpa mtoto jina la Kaneza na kumlea kwa alichokuwa nacho, ambacho kilikuwa karibu na sifuri. Kuja kwetu hakukumfurahisha. Alikuja kwa sababu kiongozi wa mtaa wake alimwambia ni lazima. Mtoto alikuwa amenyolewa kichwa kwa ajili ya chawa, kakonda, na bibi alikuwa ameshika mkononi kikombe cha bati cha mtoto.

Nikachuchumaa. Nikauacha mkoba ukining'inia, nikamwambia Skola kwamba ndizi zimepanda bei. Mtoto alikuja polepole. Akaitazama pembe. Akaishika, akaiviringisha kwenye kidole chake cha shahada mpaka ikakaza, akaitia mdomoni upande wa shavu la kushoto, na macho yake yakalegea nusu.

Skola hakunibana mkono safari hii. Aligeuka akatazama turubai.

"Tusiseme neno," alisema. "Watoto wananyonya vitu."

Nikampiga picha hivyo. Ya kwanza ilitoka na ukungu kwa haraka yangu, ya pili ikatoka vizuri. Bibi Marita alituangalia sisi wawili, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amejua kuna kitu kimetokea, na akamvuta mtoto kwenye goti lake.

Generosa nilimpelekea picha mwenyewe, sikuingojea ibandikwe. Aliishika kwa mikono miwili. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaingia nayo kibandani, akatoka nayo kwenye mwanga.

"Sijui," alisema. "Uyu mutoto simujui. Uyu amekonda, hana nywele. Wangu alikuwa na mashavu."

Mpaka hapo nilikuwa nimeshaona mambo mengi kazini, lakini mama kutazama picha ya mtoto na kuogopa kusema wangu, na kuogopa kusema si wangu, sikuwa nimejiandaa nalo.

"Pembe aliishika?" akauliza.

"Aliishika."

"Alifanya nini kwanza?"

Nilishika ile pembe, nikaiviringisha kwenye kidole changu cha shahada mpaka ikakaza. Kisha nikaigusisha shavu langu la kushoto. Generosa aliketi chini, hapohapo kwenye udongo, akajifunika kichwa kwa kitenge chake. Sauti iliyotoka humo ndani sitaieleza.

Taratibu zilichukua muda wake, maswali yakaulizwa kwa pande zote, alama ya kuungua nyuma ya goti ikatajwa na ikakutwa. Hatimaye Generosa akaruhusiwa kusafiri, tukampeleka Makere kwa gari la shirika. Njia nzima alikaa ameuangalia mkoba kwenye paja langu. Mimi nilitegemea furaha. Nilikuwa nimepakia filamu mpya, maana ofisi ilitaka picha ya kila mzazi na mtoto wakikutana, nyuso zote mbili zionekane.

Mtoto alipomwona alijificha nyuma ya Bibi Marita. Generosa akamwita, "Irakoze." Hakuitika, jina lake lilikuwa Kaneza. Akamwita tena, akapiga hatua, na mtoto akaanza kulia kwa woga, amemkumbatia bikizee miguuni. Bibi Marita hakumsukuma wala hakumshika. Alisimama tu na kikombe cha mtoto mkononi.

Generosa akasimama. Akanigeukia.

"Toa apareyi yako, baba."

Nikaitoa kamera, nikampa mkoba. Akautafuta mwisho wa ule uzi mwekundu, akaukata fundo kwa meno, akauvuta. Mishono yote ikafunguka kwa mvuto huo mmoja. Kitambaa kikaanguka wazi, kizima, hakijapungua hata kidole, kina alama za mikunjo na vumbi jekundu la kila mahali nilipopita nacho. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Hakumwendea mtoto. Aligeuka akampa mgongo, akapiga magoti, akaitandaza ingovyi mgongoni kwake na kuiacha ile pembe ining'inie. Akakaa hivyo, ameinama, anatazama upande wetu.

Alikaa muda mrefu. Kilio kikapungua. Mtoto akatoka nyuma ya gauni la bibi, akasogea, akaishika pembe. Akaiviringisha. Kisha akapanda. Alikuwa ameshakuwa mkubwa wa kubebwa, miguu yake ilining'inia ovyo pande zote mbili, lakini Generosa alimfunga, akakaza, akasimama naye. Mtoto alilaza shavu lake mgongoni. Uso wa mama yake alikuwa bado hajauona. Aliyeuona ni mimi, na ulikuwa umelowa mpaka shingoni. Nilipiga picha. Ofisi waliikataa baadaye, wakasema mtoto haonekani.

Waliondoka na gari, mtoto amelala. Mimi na Skola tulibaki kumalizia kazi ya siku. Binti uliyeniuliza, tangu siku hiyo kamera niliivaa shingoni kwa kamba yake, vumbi likaila, na mkoba mwingine sikuutafuta.

Bibi Marita alikuwa amekaa kwenye benchi. Kikombe cha bati kilikuwa bado mkononi mwake, hakuna aliyekumbuka kukichukua.

"Weye wa foto," aliniita. "Nipige na mimi."

"Bibi, hizi tunapiga watoto waliopotea."

"Ninajua."

Nikachuchumaa mbele yake. Hakuvaa uso wa kamera, wala hakuficha kikombe. Nikampiga.

"Utaibandika wapi?" akauliza.

"Unataka niibandike wapi, bibi?"

"Pale alipokuwa yeye."

Picha ya mtoto aliyepatikana huondolewa ubaoni. Niliiondoa ya Kaneza, nikaibandika ya bibi mahali pake, kwa pini zilezile, katikati ya watoto. Mkubwa wangu aliitoa, nikairudisha. Akaitoa tena, nikairudisha tena, mpaka akachoka. Ilikaa pale misimu kadhaa, jua likaifuta rangi kidogo kidogo, kikombe kikawa cha mwisho kupotea. Watu walipita, walitazama. Hakuna aliyesema huyu ni wangu.